Percy Bridgman, Fundi wa Presha

Katika kurasa za jarida letu tumezoea kusoma maisha ya mashujaa wa vita, viongozi wa nchi na malenga wa pwani. Hilo ni jambo zuri na sina ugomvi nalo. Hata hivyo, mwaka huu nimeomba nafasi nikuletee mtu wa namna nyingine kabisa. Huyu hakupigana msituni wala hakuongoza serikali. Kazi yake ilikuwa kuvifinya vitu. Alichukua maji, chuma, fosforasi, hata ute wa yai la kuku, akavitia ndani ya tundu dogo la chuma, akavibana kwa nguvu ambayo maabara za wakati wake hazikuwa zimewahi kuifikia, kisha akapima vimegeuka kuwa nini. Jina lake ni Percy Williams Bridgman, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1946.

Sababu ya kumchagua ninayo. Sisi wa Kidato cha Tatu ndio tuliochagua masomo mwaka huu, na wenzetu wengi wameiaga Fizikia. Ukiwauliza watakwambia mambo mawili. La kwanza, ati Fizikia ni ya shule kubwa zenye maabara za kifahari, si ya sisi wa kutwa tunaorudi nyumbani jioni. La pili, ati sayansi ni ya kichwa tu, na anayeshika spana na kupakwa grisi ni yule aliyeshindwa na vitabu. Niliposoma maisha ya Bridgman niliona kwamba yanayajibu yote mawili.

Bridgman alizaliwa tarehe 21 Aprili 1882 katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts. Baba yake, Raymond Landon Bridgman, alikuwa mwandishi wa magazeti. Mama yake aliitwa Mary Ann Maria Williams. Familia ilihamia Newton, mji wa jirani, na kijana akasomea shule za huko. Mwaka 1900 akajiunga na Chuo Kikuu cha Harvard, kilichoko palepale Cambridge alikozaliwa. Basi kuanzia hapo hakuhama tena. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1904, ya pili mwaka 1905, na ya udaktari mwaka 1908, kisha akafundisha na kufanya utafiti hapohapo hadi alipostaafu mwaka 1954. Ni kama mtu azaliwe Thika, asomee Thika, afanye kazi Thika, halafu dunia nzima ije kumtafuta Thika.

Kabla sijaendelea, hebu tukumbushane kidogo. Shinikizo, au presha kama tunavyosema mitaani, ni nguvu inayoangukia eneo fulani. Hewa iliyo juu yetu inatubana kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo moja kwa kila sentimita moja ya mraba. Tuite kiasi hicho angahewa 1. Sufuria ya presha, ile mama anayopikia githeri upesi, hufika kama angahewa 2 ndani yake. Ukizama baharini, kila mita 10 zinakuongezea angahewa 1. Kule chini kabisa, kwenye mfereji wa Mariana katika Bahari ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 10 kwenda chini, presha inapita kidogo angahewa 1,000.

Sasa, kijana Bridgman alipoanza utafiti wake mwaka 1905, watu walikuwa wamekwisha kufika mbali kuliko bahari. Mfaransa mmoja, Émile Amagat, alikuwa amefikia angahewa 3,000 hivi. Lakini hapo ndipo safari ilipokwama. Sababu yake kila fundi wa hapa mjini anaijua: kuvuja. Ukijaza mafuta kwenye mtungi wa chuma na kuyasukuma kwa pistoni, lazima uweke raba au ngozi laini kuziba mwanya kati ya pistoni na ukuta wa mtungi. Ukizidi kusukuma, mafuta nayo yanazidi kutafuta njia, na mwishowe yanaipita ile raba na kutoka. Nina mjomba anayetengeneza magari Makongeni. Yeye hunionyesha raba ndogo za pistoni za breki. Zikichoka, mafuta yanavuja, na pedali inazama hadi chini bila gari kusimama. Kumbe wanasayansi wakubwa wa Ulaya walikuwa na tatizo lilelile la mjomba!

Wala Bridgman hakuanza kwa lengo la kuliondoa tatizo hilo. Alitaka kuchunguza jinsi mwanga unavyopita katika vitu vilivyobanwa. Akiwa katika shughuli hiyo, kifaa chake kikalipuka, na sehemu muhimu ikaharibika. Sehemu hiyo haikupatikana Marekani, ilibidi iagizwe kutoka Ulaya. Wengine wetu hapo tungefunga mlango wa maabara na kungoja barua ya posta. Yeye aliendelea kuchezea vifaa vilivyobaki aone vinaweza kumfaa kwa kazi gani nyingine. Alikuwa amebuni kifuniko cha mtungi ambacho kingefungwa na kufunguliwa haraka. Katika kukitumia, akagundua kwamba kifuniko hicho kilikuwa na tabia ya ajabu: hakivuji kamwe. Kadiri alivyoongeza presha, ndivyo kilivyozidi kujikaza chenyewe.

Siri yake si ngumu, na nitajaribu kuieleza. Fikiria uyoga. Kichwa cha uyoga kimeelekea kwenye mafuta yanayosukuma, na mguu wake umepita katikati ya pete laini, yaani ile raba. Nyuma ya pete kuna pistoni yenye tundu, na ule mguu umeingia tunduni bila kugusa kitu mwishoni. Mafuta yanasukuma kichwa chote cha uyoga. Lakini nguvu hiyo yote inabebwa na pete peke yake, kwa kuwa mguu hauegemei popote. Eneo la pete ni dogo kuliko eneo la kichwa. Tuseme kichwa kina eneo la 4 na pete ina eneo la 3. Basi presha ndani ya pete lazima iwe kubwa kuliko presha ya mafuta, yaani 4 kwa 3, wakati wote. Mafuta yakiwa na angahewa 3,000, pete ina 4,000. Yakifika 9,000, pete ina 12,000. Mafuta hayawezi kupenya mahali penye presha kubwa kuliko yake, kama vile mto Chania hauwezi kupanda maporomoko. Mwenye kuelewa eneo na nguvu, mada tuliyosoma Kidato cha Kwanza, ameelewa ugunduzi uliofungua mlango wa Tuzo ya Nobel.

Tangu siku hiyo, mpaka haukuwa tena kuvuja. Mpaka ulikuwa ni chuma chenyewe kitavumilia hadi wapi. Bridgman akatengeneza mitungi minene ya chuma bora, yenye tundu jembamba katikati. Mingi ilipasuka. Alipoona chuma hiki kimeshindwa, alitafuta kingine kigumu zaidi. Kazi nyingi ya mashine aliifanya kwa mikono yake mwenyewe, akichonga, akitoboa na kusaga, kwa maana alijifunza ufundi wa karakana vilivyo. Akapita angahewa 6,000, akafika 12,000, kisha 20,000. Angahewa 12,000 ni kama kuuweka uzito wa tani 12, yaani lori lililojaa mananasi, juu ya ukucha mmoja wa kidole.

Tatizo jingine likazuka. Utajuaje kwamba umefikia 12,000 na si 11,000? Saa ya kupimia presha kubwa namna hiyo haikuwepo dukani. Ilibidi aitengeneze. Tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1908 ilihusu jambo hilohilo: kuitumia zebaki kama kipimo, kwa kuwa ukinzani wake wa umeme hubadilika inapobanwa. Baadaye akautumia waya wa manganini, aloi ya shaba na manganizi, ambao ni rahisi zaidi. Mwaka 1909 alichapisha makala zake za kwanza. Ukizitazama, hazina habari ya kuushangaza umati. Zinahusu jinsi ya kupima presha, na jinsi chuma cha mtungi kinavyobanika. Miaka yake ya kwanza ya utafiti, tangu 1905, ilikwenda katika kuziba, kutoboa na kupima. Mambo hayo ndiyo yaliyofanya yote yaliyofuata yaaminike.

Na yaliyofuata ni hadithi tamu. Tuanze na maji. Sote tunajua maji huganda kwenye nyuzi 0 na kwamba barafu huelea. Tangu mwaka 1900 Mjerumani Gustav Tammann alikuwa ameonyesha kwamba kuna aina mbili nyingine za barafu chini ya presha. Bridgman akaendelea palipoachwa, na mwaka 1912 akachapisha ramani ya maji yenye aina tano za barafu. Hizo nyingine haziko kama barafu ya friji. Zingezama ndani ya maji, kwa kuwa chembe zake zimebanana zaidi. Moja yao, ya sita kwa namba, inaganda katika joto la kawaida la darasani ukiyabana maji hadi angahewa 9,000 hivi. Mwaka 1937 akapata ya saba, ambayo ikibanwa vya kutosha inabaki barafu hata joto likipita nyuzi 100. Yaani barafu ya moto! Ukiigusa, kama ungeweza, ingekuunguza.

Mwaka 1914 ulikuwa na maajabu mawili. La kwanza ni yai. Alichukua ute mweupe wa yai la kuku na kuubana bila kuupasha moto. Kwenye angahewa 5,000 ukaanza kuwa mzito. Kwenye 7,000 ukatoka umekuwa mgumu kama wa yai lililochemshwa. La pili ni fosforasi. Wanaosoma Kemia wanajua fosforasi nyeupe ni kitu cha hatari, huhifadhiwa ndani ya maji kwa sababu ikiachwa hewani huwaka yenyewe. Bridgman alitaka kuona kama presha ingeigeuza kuwa nyekundu. Aliibana kwa angahewa 12,000 hivi kwenye joto la nyuzi 200, na alipofungua mtungi akakuta kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiona: fosforasi nyeusi, isiyowaka ovyo, na inayopitisha umeme. Kitu kilekile, chembe zilezile, lakini tabia tofauti kabisa.

Hata chuma hakikusalimika. Aliipitisha fimbo ya chuma katikati ya mtungi, ncha zake mbili zikitokeza nje, kisha akajaza presha ndani. Mafuta yaliibana fimbo kwa pembeni tu, na hakuna mtu aliyeivuta. Basi fimbo ikajinyonga katikati, ikawa nyembamba, ikakatika, na vipande vikasukumwa nje kama mtu anavyofinya mbegu ya chungwa kwa vidole. Kwa jaribio kama hilo watu walijifunza kwamba chuma kinaweza kuvunjika kwa njia ambazo vitabu vya wakati ule havikuzitaja.

Mimi ninapoyaangalia majaribio haya yote naona yanasema jambo moja. Tabia ya kitu tunayoiona kila siku ni ya mazingira yetu tu. Tunasema barafu ni baridi na inaelea. Kweli, hapa Thika, kwenye angahewa moja. Ukibadilisha hali, kitu kinaonyesha upande wake mwingine. Waswahili walisema usilolijua ni kama usiku wa giza, na Bridgman aliamua kuingia gizani akiwa na taa aliyoiunda mwenyewe.

Mwaka 1912 alimwoa Olive Ware, wakajaliwa watoto wawili, Jane na Robert. Mwaka 1919 akawa profesa kamili. Wanaoyaeleza maisha yake wanasema hakupenda kamati na mikutano mirefu, na wanafunzi aliowasimamia hawakuwa wengi, kwa sababu alipenda kufanya majaribio mwenyewe. Hata hivyo baadhi ya waliopita mikononi mwake walivuma. J. Robert Oppenheimer, aliyeongoza maabara iliyounda bomu la atomiki, alifanya kazi katika maabara yake akiwa mwanafunzi. Francis Birch, aliyepata udaktari chini yake, akawa bingwa wa kueleza dunia ikoje ndani kabisa. Bridgman mwenyewe aliandika makala zaidi ya 200 na vitabu kadhaa. Kitabu chake cha mwaka 1927 kuhusu mantiki ya Fizikia ya kisasa kilisomwa hata na watu wa falsafa. Hoja yake kuu ni kwamba neno la kisayansi halina maana hadi uweze kueleza unalipima vipi. Si ajabu. Mtu aliyetumia miaka kuunda kipimo cha presha angesema nini kingine?

Sasa nifike kwenye mambo yasiyo matamu, maana maisha ya mtu hayaandikwi kwa sukari peke yake. Mwaka 1939, watawala wa kidikteta walipokuwa wakitisha Ulaya, Bridgman alitangaza hadharani kwamba maabara yake imefungwa kwa wanasayansi wa nchi za udikteta, kwa kuwa matokeo wanayoyapata yangeweza kutumiwa na watawala wao. Wapo waliomsifu kwa ujasiri. Wapo waliosema sayansi haina mipaka, na kwamba anamwadhibu mwanasayansi kwa kosa la serikali. Mimi nadhani kila upande ulikuwa na hoja, na ninaliacha swali hilo kwa chama chetu cha mdahalo.

Kisha vita vikaja. Bridgman alichunguza jinsi chuma cha deraya kinavyopinda na kuvunjika kikibanwa, na kwa ajili ya mradi wa bomu la atomiki alipima jinsi madini ya urani na plutoni yanavyobanika. Vipimo alivyozoea kuvifanya kwa udadisi tu vikawa sehemu ya silaha. Miaka kumi baada ya vita, Julai 1955, alikuwa mmoja wa watu 11 waliotia sahihi waraka wa Bertrand Russell na Albert Einstein, uliozitaka serikali zitatue ugomvi wao kwa amani, maana vita vya nyuklia vingeweza kuwamaliza binadamu. Ninaona ni vizuri tukumbuke mambo yote mawili pamoja. Mikono iliyopima plutoni ndiyo iliyotia sahihi.

Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1946, akiwa na umri wa miaka 64. Alipewa kwa kuunda vifaa vya kuzalisha presha kubwa mno na kwa yale aliyoyagundua kwa vifaa hivyo. Kufikia wakati huo alikuwa akitumia kabidi ya tangisteni, ambayo ni ngumu kuliko chuma, na alikuwa amefika angahewa 100,000 na kuendelea. Tani 100 juu ya ukucha mmoja!

Jambo moja lilimshinda. Alijaribu kutengeneza almasi. Almasi ni kaboni tupu, sawa na ile ya ndani ya penseli, ila imebanwa na kupashwa moto chini sana ardhini, kama kilomita 150 au zaidi. Majirani zetu wa Tanzania wanaijua vizuri. Kule Mwadui, mkoani Shinyanga, John Williamson aligundua mwaka 1940 mahali ambapo mlipuko wa kale wa volkeno ulizileta almasi juu. Bridgman alizijaribu njia nyingi lakini kaboni yake ilikataa kugeuka. Wanasayansi wa kampuni ya General Electric ndio waliofaulu Desemba 1954, mwaka uleule aliostaafu, nao walifuata njia aliyokuwa ameifyeka yeye.

Bridgman alifariki tarehe 20 Agosti 1961 huko Randolph, New Hampshire, akiwa na umri wa miaka 79. Alikuwa na saratani iliyoenea mifupani, na viungo vilikuwa vinaacha kumtii. Katika hali hiyo alijitoa uhai. Nimelisoma jambo hilo kwa huzuni. Sitaki kulipamba wala kulificha. Ninalosikitikia ni kwamba maumivu yale aliyabeba peke yake hadi mwisho.

Je, sisi wa huku tunamdai nini, au yeye anatudai nini? Kwanza, lile yai la mwaka 1914 halikuishia maabarani. Siku hizi kuna viwanda duniani vinavyobana maji ya matunda na maparachichi yaliyopondwa kwa angahewa 6,000 hivi. Viini vya maradhi vinakufa bila moto, na ladha inabaki kama ya tunda bichi. Japani waliuza jemu ya namna hiyo tangu mwaka 1990. Hebu fikiria jambo hilo ukiwa Thika, mji wa mananasi, wenye mashamba ya maparachichi ukielekea Makuyu na Murang'a. Elimu ya presha si ya Marekani peke yake.

Pili, mwaka 2014 wanasayansi waliyapa jina madini fulani yaliyoko ndani ya dunia. Walikuwa wameyapata ndani ya kimondo kilichoanguka Australia mwaka 1879. Madini hayo ndiyo mengi kuliko yote katika sayari yetu, yanachukua kama asilimia 38 ya ujazo wake, na yanaanza kilomita 660 hivi chini ya nyayo zetu, kwenye presha inayopita angahewa 200,000. Yaliitwa brijimanaiti, kwa heshima yake. Kwa hiyo, mwenzangu, ukisimama pale stendi ya matatu ukingoja gari la kwenda Ruiru, jina la Bridgman liko chini yako.

Tatu, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu, yeye hakuanza na maabara iliyokamilika. Vifaa alivyovihitaji havikuwepo popote duniani, si kwake tu. Aliviunda kwa spana, tupa na keekee, na kifaa kilichomletea sifa kilipatikana wakati kingine kimevunjika na yeye anangoja spea. Kwetu pia vifaa si vingi kama tungependa. Lakini mjini humu kuna mafundi wa jua kali wanaojua mambo ya kuziba, kuchomelea na kugandamiza kuliko wengi wetu tunaokariri fomula. Tunawapita asubuhi tukikimbilia darasani. Kati ya karakana ya mjomba na darasa la Fizikia kuna mlango, na Bridgman aliupita kwenda na kurudi kila siku ya maisha yake.

Kwa wenzangu walioiacha Fizikia, siwalaumu, kila mtu na njia yake. Kwa wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza na cha Pili ambao bado hawajachagua, nawaomba msiikimbie kwa sababu ya vifaa. Muulizeni mwalimu, muulizeni fundi, na mkiona kitu kinavuja, msikitupe kabla hamjajua kwa nini.

Kiswahili kitukuzwe, na sayansi ielezwe kwacho.

Mwanachama, Kidato cha Tatu